Alamu ya gari lako imetufunza kulala

Wasee, nianze na swali rahisi. Mara ya mwisho alamu ya gari ilipolia usiku mtaani kwenu, ulifanya nini? Usinidanganye. Ulivuta blanketi, ukamtukana mwenye gari kimoyomoyo, ukangoja izimwe. Hata mimi ndivyo hufanya. Hakuna mtu siku hizi huruka kitandani akisema "kuna mwizi!" Hilo neno mwizi hata halikuji akilini.

Sasa hebu fikiria. Hiki kifaa kina kazi moja tu duniani, kuwaambia watu kuna mwizi. Kikilia, mwizi ndiye mtu wa mwisho tunayemfikiria. Tunafikiria paka. Tunafikiria nduthi iliyotolewa sailensa. Tunafikiria "huyo jamaa wa Fielder tena." Kazi imekwisha hapo.

Leo nataka kuwakasirisha wenye magari, na pia nyinyi mnaotumwa na wazazi kuosha gari Jumamosi na kulisogeza geti likifunguliwa. Na kabla hamjaniambia ni wivu kwa sababu mimi hupanda matatu, gari lililonifunza haya ni la mathe wangu. Na mjinga wa hii stori ni mimi.

Mathe ana Probox. Hupeleka mayai kwa maduka na vibanda, anatoka saa kumi na moja asubuhi kabla jua hata halijafikiria kuamka. Tunaishi Donholm, ghorofa ya nne, na magari yanalala chini kwa pakingi ya ploti. Mvua za Aprili zilipoanza, alamu ya Probox ikaanza tabia. Mara moja usiku, kisha mara mbili, kisha inalia mchana hakuna mtu karibu. Mathe akaniambia, "Peleka hiyo gari kwa fundi akaiangalie." Nikasema sawa, kesho.

Kesho hiyo ilichukua wiki tatu.

Suluhisho langu lilikuwa rimoti. Ikilia, natoka balkoni na boksa, nanyoosha mkono kama nahubiri, nabonyeza. Kwik. Kimya. Narudi kulala. Wiki ya pili rimoti ilianza kuwa dhaifu, ikabidi nishuke hadi ghorofa ya pili ndipo ishike. Kwa grupu ya ploti watu walianza kwa adabu, "Mwenye Probox tafadhali." Baadaye hakuna aliyeandika kitu, na mimi nikafurahi. Nikadhani wamenielewa. Kumbe walikuwa wamezoea.

Usiku mmoja ikalia kama saa tisa. Nikabonyeza nikiwa kitandani, ikakubali. Baada ya dakika chache ikalia tena. Nikaudhika, nikabonyeza mara mbili nikaizima kabisa ndio tulale.

Asubuhi mathe alishuka na trei zake. Vioo vya pembeni vyote viwili hakuna. Boneti imeachwa wazi nusu. Betri hakuna. Hata wale jamaa hawakuwa na haraka, walikata waya vizuri.

Soja wa geti aliulizwa kama hakusikia kitu. Akajibu kitu ambacho hakijawahi kunitoka kichwani: "Niliisikia. Lakini si hulia kila siku?"

Jirani wa ghorofa ya kwanza alisikia. Yule wa upande ule mwingine alisikia. Kila mtu aliisikia. Alamu ilifanya kazi yake vizuri sana usiku ule, pengine kwa mara ya kwanza mwezi huo wote. Na mtu aliyeizima ili wezi wafanye kazi kwa utulivu ni mimi, mwana wa mwenye gari, nikiwa nimelala chali na rimoti mkononi.

Mathe hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi na trei za mayai kando, akasema, "Nilikwambia ukaangalie." Ni hayo tu. Siku nne hakufanya kazi. Wateja wawili walipata mtu mwingine wa mayai na hawakurudi.

Halafu ngoja nikuudhi zaidi. Tulipoweka betri nyingine, fundi mmoja alikuja hapo ploti akaangalia. Shida ilikuwa swichi ya boneti. Kile kijipini kidogo kinachobonyezwa boneti ikifungwa. Kilikuwa kimeota kutu, kwa sababu mimi huyo huyo nilikuwa nawaambia vijana wa kosho wapige injini na maji ya presha ndio ing'ae. Kwa hivyo alamu ilikuwa inaamini boneti inafunguliwa kila unyevu ukiingia pale. Ya pili, sensa ya mtikisiko ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho tangu siku ilipowekwa. Matatu ya ngoma ikipita barabarani, sensa inadhani dunia inaisha. Kurekebisha hayo yote kulichukua chini ya saa moja.

Saa moja tu, na nilikuwa nimeikosa kwa wiki tatu.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii, na nitaitetea. Alamu ya gari haiishii kwa king'ora. Kuna sensa, kuna swichi za milango, kuna kiboksi chini ya dashibodi, kuna waya, kuna king'ora, halafu mwisho kabisa kuna masikio ya watu. Majirani, soja, wewe mwenyewe. King'ora hakikamati mtu. Hakina mikono. Kinaita tu wenye mikono. Ukiyachosha hayo masikio kwa kelele za bure, umekata waya wa mwisho mwenyewe, na huo hakuna fundi anaweza kuuunga. Wote tulisimuliwa tukiwa wadogo kuhusu yule kijana mchungaji aliyekuwa akipiga mayowe ya uongo. Tulidhani ni hadithi ya watoto. Ni hadithi ya pakingi.

Ndio maana nasema alamu mbovu ni mbaya kuliko kukosa alamu. Jamaa asiye na alamu anajua hana. Anaegesha karibu na taa, anaongea na soja vizuri, anaweka kufuli ya usukani. Wewe wa alamu mbovu unalala ukijiamini. Na unawaharibia hata wengine, kwa sababu ploti ikishazoea kelele za gari lako, gari la jirani likilia kwa ukweli hakuna atakayetoka pia. Usalama wetu sote unaliwa na swichi yako yenye kutu.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia yote.

"Si kuna soja?" Soja ni mmoja, geti ni moja, magari ni ishirini. Soja naye ana masikio kama yako na yamechoka kama yako. Wa kwetu hata sikuweza kumkasirikia.

"Si nina traka?" Sawa, traka itakuambia gari limeenda wapi. Haitakuambia kioo kimeenda wapi. Wezi wengi wa mitaa yetu hawataki gari lako zima. Wanataka vioo, taa, betri, redio, vitu vya kutoka navyo kwa mkoba.

"Si kuna bima?" Bima gani? Magari mengi madogo ya kazi yana bima ya thadi pati, kwa sababu hiyo ndiyo sheria inalazimisha na ndiyo rahisi. Thadi pati inalipa madhara unayomfanyia mtu mwingine. Gari lako likiibwa, au likivuliwa vioo, hiyo haikuhusu. Probox ya mathe ilikuwa na hiyo. Tulijilipia wenyewe.

"Wewe laumu mwizi, usilaumu mwenye gari." Mwizi ni mwizi, sijamtetea. Lakini mwizi hasomi hizi posti. Wewe ndiye unasoma.

Halafu kuna wale ninaowaona wabaya zaidi, wale walioenda kwa fundi na kusema, "Nichomolee tu king'ora, acha ile taa nyekundu iwake-wake." Buda, hiyo ni taa ya Krismasi. Mwizi wa kazi anajua. Atagusa gari kidogo asikie, na akiona kimya, amejua una mapambo tu. Kelele ya bure dawa yake ni kutafuta kwa nini inalia. Kuinyamazisha ni kama kutoa betri ya saa kwa sababu inakuamsha kazini.

Na mafundi nao, msijifiche. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na sheria yetu inaruhusu yasizidi miaka minane. Mengi alamu zake zinawekwa hapa hapa, na wewe fundi ndiye unaiweka. Unaungaje waya kwa kusokota na kufunga selotepu? Joto la ndani ya gari likiyeyusha ile gundi, waya zinaachana, alamu inaanza wazimu. Na ukiunga hivyo ile rilei ya kuzima injini, gari linaweza kumzimikia mtu katikati ya Thika Road lori likiwa nyuma yake. Lehemu hizo waya. Zifunike vizuri. Halafu usimwachie mteja sensa ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho ati ndio aone alamu ni kali. Ukali wa alamu ni kulia mahali panapostahili.

Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu, kwa hivyo hiki ndicho ninachofanya sasa kwa gari la mathe. Hakuna hata kimoja kinachohitaji uwe fundi.

Kwanza, jaribio la dirisha. Fanya mchana, na uwaambie majirani kabla. Shusha kioo cha dereva, toka nje, funga milango yote, washa alamu, ngoja kama dakika moja ijipange. Kisha ingiza mkono dirishani ufungue mlango kwa ndani. Lazima ilie. Rudia kwa kila mlango na buti. Kwa boneti, mwenzako asimame mbele, wewe kaa ndani umetulia na alamu imewashwa, kisha vuta kile kishikio huku yeye akiinua. Mlango usiolia una swichi mbovu, na huo ndio mlango mwizi ataupata. Mimi hufanya hivi kila mwanzo wa mwezi.

Pili, sensa ya mtikisiko. Kwa alamu nyingi ni kiboksi kidogo chini ya dashibodi chenye kaskrubu ka kuzungushwa na bisibisi. Zungusha kidogo kidogo tu. Piga tairi ngumi ya wastani, au gonga dirisha kwa kiganja. Sensa nzuri ina hatua mbili. Ukigonga kidogo inaonya kwa mlio mfupi, ukigonga kwa nguvu ndipo inalia yote. Paka akipanda boneti kutafuta joto asiamshe ploti nzima. Mtu akijaribu kung'oa kioo, ndio, iamshe ploti nzima.

Tatu, swichi ya boneti. Ifungue boneti, ukitafute kile kijipini, ukipanguse matope na kutu, ukibonyeze uone kama kinarudi juu. Kikikwama, badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Na tafadhali, injini si sahani. Usiwaruhusu watu wa kosho waipige maji ya presha. Maji yakiingia kwa king'ora pia ndio mwanzo wa kukohoa. Angalia kama mdomo wa king'ora umeelekea chini. Ukielekea juu, unakusanya maji kama kikombe.

Nne, betri ya gari. Hii watu hawaijui. Umeme ukishuka, alamu inachanganyikiwa na inaweza kulia bila sababu. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, hiyo imechoka na gari lako litakuaibisha karibuni. Angalia vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani usafishe kwa maji moto na bekingi soda, ukianza kwa kufungua upande wa hasi. Kisha kaza vizuri. Kichwa kikicheza, kila shimo la barabara ni kama umeme unakatwa na kurudishwa.

Tano, betri ya rimoti. Nilibadilisha ya mathe kwa shilingi 100. Rimoti ikianza kukutaka usogee karibu, usingoje ife siku ya mvua. Na ukibadilisha, panguza zile chuma za ndani.

Sita, kile kitufe cha siri kinachozima alamu wakati gari liko kosho au kwa fundi. Alamu nyingi zinacho, na watu wengi hawajui kiko wapi kwa gari lao. Kijue. Ukilichukua gari kutoka gereji, hakikisha hakijaachwa kimezima alamu. Unaweza kukaa miezi ukibonyeza rimoti, milango inafunga, na alamu imelala fofofo.

Saba, hii ni ya nyinyi mnaopenda kubonyeza rimoti mkiwa mmegeuka mnaenda, kama filamu. Kuna wezi wana kifaa kinachoziba mawimbi ya rimoti pale pakingi. Unabonyeza, hakuna kitu kimefika kwa gari, wewe umeshaenda. Geuka. Ona indiketa zikiwaka. Vuta mlango. Sekunde tatu. Na ukinunua alamu mpya, uliza kama rimoti inabadilisha kodi kila ukibonyeza. Ile ya kodi moja milele inaweza kunaswa hewani na kuchezwa tena na mtu mwingine.

Hayo ndiyo matunzo. Hakuna la ajabu hapo. Usipoziba ufa, si ndivyo walivyotuambia?

Kuna kitu cha mwisho, na hiki ni cha majirani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira zinaweka desibeli 35 kuwa kiwango cha usiku kwa maeneo ya makazi. Hiyo ni kama mtu anong'one. Ving'ora vya gari vinauzwa vikijisifu kwa desibeli zaidi ya 100. Kwa hivyo kila usiku gari lako likilia bure, unakopa. Unakopa usingizi wa nesi aliyetoka zamu, wa mtoto mchanga wa ghorofa ya pili, wa msee ana mtihani kesho. Watu wanakubali kukopesha kwa sababu wanaamini siku moja itakuwa kweli na wewe pia utatoka kwa ajili yao. Ukikopa kila siku bila kulipa, siku unahitaji kweli utapata mlango umefungwa. Si roho mbaya, ni uchovu.

Baada ya yale mambo nilifanya kitu kilichoniuma. Niliandika kwa grupu ya ploti, nikaomba msamaha kwa zile wiki tatu, nikasema alamu imerekebishwa na ikilia tena, tafadhali mtu achungulie dirishani. Wengine walicheka. Mmoja akaandika, "Tutaona."

Nilikubali. "Tutaona" ndiyo haki yangu. Imani ya masikio ya watu hairudi kwa skrubu na bisibisi, inarudi kwa kukaa kimya usiku hadi usiku. Tumemaliza miezi miwili sasa. Wiki iliyopita ililia mara moja, saa nne usiku. Kabla sijafika balkoni, nilisikia madirisha yakifunguliwa, na soja alikuwa ameshafika na tochi. Ilikuwa pikipiki ya delivari imelisukuma gari ikirudi nyuma. Jamaa akaomba radhi, kila mtu akarudi ndani.

Mathe alikuwa amesimama nyuma yangu na leso mabegani. Akaangalia chini, akaangalia yale madirisha, akasema, "Sasa hiyo ndiyo alamu." Kisha akanikumbusha nibadilishe mafuta Jumamosi.

Nimeshaweka kwa kalenda. Sisemi kesho tena. Na wewe, kabla ya wikendi kuisha, shusha hicho kioo, funga milango, ingiza mkono. Kama gari la mzee wako halitalia, umegundua leo mchana, na hiyo ni afadhali sana kuliko kugundua vile mimi niligundua. Na kama ni lile linalolia kila usiku na unajua kabisa ni lako, wacha kunyoosha rimoti dirishani kama nabii. Shuka. Fungua boneti. Sisi tunataka kulala, lakini pia tunataka kukusaidia. Tupe sababu ya kuamka.